Kujipima kabla ya Kili: 5, 10 au 21?

Kasi_ya_Konokono (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Naandaa kilomita 42 za Kili (Kilimanjaro Marathon, pale Moshi) mwishoni mwa Februari, zimebaki wiki tisa. Nalenga saa 3 na dakika 50 (3:50), ila sijui kama mwili unaiweza au ni tamaa tu. Nina njia tatu za kujipima: nikimbie 5 peke yangu alfajiri pale Toure Drive, kuna kumi ya hisani katikati ya Januari, na kuna 21 wiki tatu kabla ya Kili. Kazi yangu ni ya zamu, zote sitaziweza. Mngechukua ipi?

Mzee wa Kumi (Arusha)
Kumi, mkuu, wala usihangaike. Unaikimbia Jumapili kwa nguvu zote, Alhamisi umesharudi kwenye programu. Ile 21 ukiikimbia kweli kweli inakula wiki nzima, na hiyo wiki ndiyo unayoihitaji kwa mbio ndefu ya mwisho. Tano nayo ni fupi mno. Ukikosea sekunde 20 kwenye 5, kwenye makadirio ya 42 hizo ni zaidi ya dakika tatu.

Hesabu_Kwanza
Tuweke namba mezani. Pete Riegel, mhandisi Mmarekani, alichapisha kanuni yake mwaka 1977: ukiongeza umbali, muda unaongezeka kwa uwiano wa umbali huo uliopandishwa kwa kipeo cha 1.06. Kwa lugha ya mtaani, zidisha muda wa 5 kwa 9.6, wa 10 kwa 4.6, wa 21 kwa 2.085. Lengo lako la 3:50 linadai takriban dakika 24:00 kwa 5, dakika 50:00 kwa 10 na saa 1:50 kwa 21.

Lakini angalia hapa. Kanuni inachukulia kwamba umeuandaa mwili sawasawa kwa kila umbali. Mtu wa kilomita 30 kwa wiki anaweza kuikata kumi kwa 48, kanuni ikampa 3:41, halafu kufika kilomita ya 32 glikojeni (akiba ya wanga kwenye misuli na ini) imekwisha na anatembea. Kadiri kipimo kinavyokuwa kifupi, ndivyo kinavyoficha udhaifu huo. Kwa hiyo kabla hatujachagua: kwa wiki unakimbia ngapi?

Kasi_ya_Konokono
Kati ya 45 na 55. Mbio ndefu nimefika 26.

Hesabu_Kwanza
Hapo ongeza dakika kadhaa juu ya chochote kanuni itakachokupa.

Binti wa Mweka (Moshi)
Mnaongea kana kwamba Kili ni uwanja wa mpira. Kwanza mnazungushwa tambarare, mnatoka barabara kuu na kurudi, halafu ndipo mnaanza kupanda kuelekea Mweka, miguu ikiwa imeshachoka. Kumi ya Dar haikwambii neno kuhusu kilima kile. Mimi ningechukua 21, ila si kwa nguvu zote: kilomita nane za kwanza taratibu, zilizobaki kwa kasi unayoitaka siku yenyewe, yaani dakika 5:27 kwa kilomita. Papo hapo unajaribu viatu, jeli za nguvu na chai ya asubuhi. Tumbo likiamua kukataa, likatae hapo.

Kasi_ya_Konokono
Dada, nikijizuia hivyo nitakuwa nimepima nini sasa?

Binti wa Mweka (Moshi)
Pumzi. Ukifika kilomita ya 18 kwa 5:27 na bado unaweza kumjibu mtu sentensi nzima, lengo lipo. Ukijibu kwa kichwa tu, panga 4:00 na uje ufurahie mlima.

Iten_Kwetu (Kenya)
Huku tuko mita 2,400 juu ya bahari, muda wa mtu hapa ukiupeleka Mombasa hauna maana, na wa Mombasa ukiuleta hapa ndiyo kabisa. Nanyi Dar Januari mna lenu: hata kabla jua halijachomoza joto na unyevu vinapandisha mapigo ya moyo. Ukikosa 50:00 kwa dakika moja kwenye hali hiyo, usitupe lengo.

Kuhusu 5, nawaunga mkono kwamba haitoshi. Kipchoge alichukua dhahabu ya mita 5,000 Paris mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza ilikuja Hamburg mwaka 2013. Kasi alikuwa nayo muda wote huo, na bado hakukurupukia 42.

Mita_kwa_Mita
Hakuna aliyeuliza kama hiyo kumi ya hisani imepimwa. Njia iliyopimwa rasmi hupitiwa na baiskeli yenye kihesabio cha Jones (kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu) gurudumuni, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Mbio za hisani si zote zinafanyiwa hivyo. Ikiwa 9.6 utapiga 48 na kurudi nyumbani unacheka. Wala usiitegemee saa ya mkononi peke yake, katikati ya maghorofa ya Posta inaongeza na kupunguza inavyotaka. Uliza waandaaji, na wakijibu kwa kuzunguka, kimbia kumi yako uwanjani: mizunguko 25 ya mita 400. Inachosha akili, lakini umbali una uhakika nao.

Mzee wa Kumi (Arusha)
Uwanjani peke yako hutajisukuma. Bora watu 500 na mita 50 za wasiwasi. Cha msingi kilomita mbili za kwanza usiende chini ya 5:00, wengi wanamalizia kumi yao hapo.

Kasi_ya_Konokono
Basi nimejiandikisha kumi, na 21 nitaifanya kwa mtindo wa dada wa Mweka ruhusa ikipatikana. Tatizo Jumapili ile natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, mbio zinaanza kumi na mbili na nusu.

Mzee wa Kumi (Arusha)
Utoke zamu ya usiku halafu upime nini, usingizi? Badilishana na mwenzako kwanza.