Waandaaji wa matembezi ya Epping Forest, acheni kutuanzisha saa nane mchana!

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, mnivumilie. Vikundi vya mitaani huku London vimeanza tena kutangaza matembezi ya vuli kwenye msitu wa Epping Forest (vuli ya huku ni majani kupukutika, msidhani ni mvua za nyumbani), na ratiba ni zilezile: kukutana stesheni ya Loughton saa nane mchana, watu 30, kilomita 8.

Hesabu zimewashinda? Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Wiki ya kwanza ya Novemba jua linazama karibu saa kumi na nusu, na chini ya miti giza linawahi zaidi. Kundi linalosimamasimama kutazama miti, kwenye tope la mfinyanzi, likijitahidi sana ni kilomita 2 kwa saa. Kwa hiyo mnafika saa kumi na mbili, gizani, na hakuna aliyeambiwa abebe tochi. Anzeni saa nne asubuhi, kilomita 5, basi.

Halafu kiongozi yuko mbele anapiga picha, nyuma hakuna mtu! Barabara ya A104 imepasua ule msitu katikati. Wekeni mtu wa mwisho, avae reflekta, na watu wahesabiwe kabla na baada ya kuvuka.

Ile miti mikongwe yenye shina fupi nene na matawi kama vidole mnaipita tu. Ilikuwa ikikatwa juu ya kimo cha mifugo ili itoe kuni, machipukizi yasiliwe. Sheria ya Epping Forest ya mwaka 1878 ikakomesha ukataji huo, matawi yakanenepa mpaka shina linaelemewa na kupasuka. Nyinyi ndipo mnapowapanga watu picha ya pamoja, tena siku ya upepo!

Linalokera kuliko yote ni uyoga. Kuchuma pale ni marufuku, na bado kuna anayepitisha mfuko wa plastiki. Amanita phalloides, uyoga wa sumu inayoua, ina kofia ya kijani-manjano iliyofifia, vibamba vyeupe vyembamba chini ya kofia, pete kwenye shina na kifuko kwenye kitako. Ukiukata kwa kisu, kifuko kinabaki chini ya majani na alama kubwa ya kuutambua imepotea. Kuupika hakuondoi sumu. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa 6 hadi 24, kisha mtu anapata nafuu ya uongo huku ini linakufa. "Nyumbani tunakula wa hivi hivi" siyo kipimo.

Jinzi zinanyonya maji, zikatazeni kwenye tangazo. Kupe bado wapo vuli: kibano chembamba, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kukamua tumbo lake. Mafuta na kiberiti acheni.

Mwandaaji yeyote aliyemo humu ajibu: Jumapili ijayo nani anakaa nyuma, na tochi ngapi zipo?