Mwalimu wa kriketi kaninyang'anya gongo la kupigia mbele ya watoto!!!

Wakuu, ndiyo nafika sasa hivi, pedi za miguuni sijavua, naandika vidole vinatetemeka. Modi, huu uzi usiuunganishe na mwingine.

Mnamjua. Jina sitaji. Yule wa kofia pana anayesimama nyuma ya nyavu mikono mgongoni kama anahesabu mahabusu, anayekwambia "kichwa, kichwa" hata ukiwa unakunywa maji.

Leo nimeenda mazoezini na gongo jipya. JIPYA. Nimeligongagonga kwa nyundo ya mbao wiki nzima lilainike, nyumba nzima hainisalimii. Mpira wa kwanza nimepiga. Wa pili nimepiga. Wa tatu umenipita kidogo ukalaza kijiti, kimoja cha vile vitatu vya nyuma ya mpigaji ambavyo vikiangushwa umetolewa, ajali hiyo. Wa nne ajali. Wa tano, haya, tuseme jua. Jamaa kaingia ndani, salamu hakuna, kanivua gongo mkononi, kaokota kijiti cha katikati, kile kile kilicholala, kanipa: "Tumia hiki. Utakosa vilevile, ila gongo litapumzika."

GONGO LITAPUMZIKA!!

Na foleni ya watoto iko pale, pedi zimewafika kifuani. Wamecheka mpaka mmoja helmeti ikamgeukia.

Gongo kisheria linafika sentimita 10.8 kwa upana. Kijiti hakifiki hata 4! Nimekosa mipira kumi na moja, wa kumi na mbili nimeupokea kwa paja. Halafu kaita katoto, kakashika kijiti hicho hicho: tok, tok, tok. "Mnaona? Mkono wa juu unaongoza, wa chini unasindikiza." Mimi pembeni nimeshika hewa.

Litapumzika! Kwani lilimwambia limechoka?

#2
Uzi bila video ni umbea.

#3
Mkuu, Don Bradman, yule mpigaji wa Australia, utotoni alijifunza hivyo hivyo, kijiti na mpira wa gofu, anaudundisha kwenye msingi wa tangi la maji. Akastaafu na wastani wa ran (alama) 99.94 kila akitolewa, kwenye mechi za Test, zile ndefu za mataifa. Wewe umepewa zoezi la mfalme unalia.

#4 (mleta uzi)
Bradman hakuambiwa gongo litapumzika.

#5
Lakini inningsi (zamu ya kupiga) yake ya mwisho ya Test, 1948, alihitaji ran 4 tu wastani ufike 100, akatolewa mpira wa pili na sifuri. Kwa sifuri mnafanana, usikate tamaa.

#6
Nilikuwepo. Si kumi na moja, ni kumi na nne. Mpira umekuja umenyooka, yeye anaukata kwenda legi (upande wa miguu yake) kama anafukuza nzi, kichwa kimeshaangukia ofu (upande wa pili). Akiambiwa lete gongo wima, anasema yeye ana jicho.

#7 (mleta uzi)
#6 nimekujua! Wewe ndiye unayevuka mstari hatua mbili kabla ya kuachia mpira. Kutoka vijiti hadi vijiti ni mita 20, wewe unarushia 18, halafu unajiita mrushaji wa kasi.

#8
HAPO SASA. Warushaji wa nyavuni nobo tupu (mipira haramu, wamevuka mstari), refa hayupo, wakikuangushia wiketi (vijiti) wanakimbia mikono juu kama wamechukua kombe.

#9
Tuongee na nyie wapigaji. Dakika zako kumi zimeisha, "mpira wa mwisho." Ukitolewa, "huo haukuhesabiwa, wa mwisho." Ukiparaza ukagusa wavu, "ran nne hiyo!" Nne ya wapi? Pale ungekuwa umedakwa na slipu wa kwanza, yule mdakaji wa nyuma yako, huku anapiga miayo.

#10
Na wakishapiga hawarushi! Wanakumbuka wana wageni nyumbani.

#11
Mie shida yangu mashine ya kurusha. Imewekwa idundishe mpira pale pale, mtu anapiga draivu (pigo la kusukuma mbele) mia moja safi anajiona tayari. Kwenye mechi kaletewa mpira mfupi, unaodunda mapema ukapanda juu, kalala chini kama amesikia risasi.

#12
Samahani kutoka nje ya mada. Nani kaondoka na glavu yangu ya kushoto?

#13
Ya kwangu ilipotea wiki jana. Huyo ni mmoja tu.

#14 (mleta uzi)
Wakuu turudi kwenye mada. Gongo LITAPUMZIKA, hii ni lugha ya mwalimu?

#15
#12 ina alama gani? Tupekue mifuko.

#16
Ya kushoto, kidole gumba nimekishona kwa uzi mwekundu.

#17 (mleta uzi)
#12 njoo inboksi, mkuu.