Upepo wa Jua umetoweka kwenye data za Rosetta: sensa ilikufa?

mchora_grafu
Wakuu, naomba msaada. Wiki ya tatu sasa nahangaika na data za sensa ya ioni (kifaa cha kupima chembe zenye chaji ya umeme) ya Rosetta, chombo cha Ulaya kilichoandamana na nyotamkia 67P kuanzia Agosti 2014 hadi Septemba 2016. Mwanzoni grafu inaonyesha mistari miwili: protoni za upepo wa Jua (mkondo wa chembe zenye chaji unaotoka Juani) karibu na elektronivolti 1,000 (kipimo cha nishati ya chembe), na juu yake heliamu, kwenye nishati kwa kila chaji mara mbili. Mwisho wa Aprili 2015 yote miwili inafifia, halafu kimya hadi Desemba. Kinachobaki ni utepe mnene huku chini, nao haufiki sifuri. Mara nyingi unaishia kwenye elektronivolti 10 au 20, kama umekatwa kwa wembe. Nimechora upya mara nne. Sensa iliharibika?

kijiti
Nzima kabisa. Huo utepe wa chini ndio ioni za maji za nyotamkia yenyewe. Sensa iliyokufa ingezihesabuje?

nyuzi_za_sumaku
Mkuu, usiifute hiyo miezi. Ndiyo yenye utamu wote.

Tarehe 13 Agosti 2015 nyotamkia ilikuwa karibu zaidi na Jua, kilomita milioni 186 hivi. Barafu inageuka gesi, mwanga wa urujuanimno unanyofoa elektroni kwenye molekuli za maji, na ioni changa inazaliwa ikiwa karibu imesimama. Uga wa umeme unaokuja na upepo wa Jua unaikokota ioni hiyo upande mmoja, na upepo wenyewe unasukumwa upande wa pili. Ni sawa na mtu kwenye mtumbwi akiusukuma mtumbwi wa jirani kwa kasia: yote miwili inaachana. Gesi ilipozidi, upepo ulipindishwa hadi ukapita mbali, na Rosetta ikabaki ndani ya eneo usikofika. Tazama pembe, si nishati peke yake. Nishati haikushuka sana. Kilichobadilika ni mwelekeo.

Kuhusu ule wembe: ni chaji ya chombo. Elektroni zenye kasi zilikuwa zikikigonga kwa wingi, kikawa na volti hasi, mara nyingi kati ya 10 na 20. Ioni baridi inavutwa na kuingia kwenye sensa ikiwa imeshapata nishati hiyo. Chombo cha Giotto kilipoipita nyotamkia Halley mwaka 1986 kwa kilomita 68 kwa sekunde, kasi yake tu iliipa ioni ya maji elektronivolti zaidi ya 400, kwa hiyo volti chache zisingeonekana. Rosetta ilitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hapo kila volti inahesabika. Chukua data za vile vitufe viwili vya kupimia volti ya chombo, vilivyo kwenye ncha za mikono yake, utoe volti kwanza, ndipo ukokotoe kasi.

mchora_grafu
Nimefungua safu za pembe sasa hivi. Septemba 2014 protoni zinatoka upande wa Jua. Mwezi baada ya mwezi zinasogea pembeni, na Desemba 2015 zinarudi zikitokea pembeni vilevile! Miezi hiyo nilikuwa nimeshaiandika "mbovu" kwenye faili langu. Naifuta alama hiyo, kisha naanza na volti.

kijiti
Ukimaliza, weka data za sumaku chini ya grafu hiyo hiyo, uanzie Julai 26, 2015. Kuna mahali uga wa sumaku unaporomoka hadi karibu sifuri ghafla, chombo kikiwa kilomita 170 kutoka kwenye kiini.