Kidonda kimepatikana wodini: bili alipe nani?

Temeke_Halisi: Wadau, mama yangu mdogo alilazwa kwa kiharusi hospitali moja mkoani. Aliingia ngozi nzima. Tunaruhusiwa, juu ya makalio pana shimo mfupa unaonekana. Kusafisha kidonda, gozi, dawa, kukata nyama iliyokufa, vyote kwenye bili yetu. Marekani tangu Oktoba 2008, Medicare, bima ya serikali yao ya wazee, haiongezi malipo kwa kidonda cha mgandamizo, yaani cha kulalia upande mmoja muda mrefu, cha daraja la 3 au la 4 (vile vilivyochimba ndani kupita ngozi) kilichotokea humo humo hospitalini. Mzigo unabaki kwa hospitali. Kwetu kwa nini abebe mgonjwa?

Nesi_wa_Zamu: Pole kwa mama mdogo. Ila usiku tuko wawili kwa wodi nzima, na wengine wamelala chini. Mtu mzima aliyepooza anageuzwa na watu wawili, kila baada ya saa mbili. Piga hesabu. Na ndugu nao siku hizi wanakuja kupiga picha ya statasi, wanaondoka.

Temeke_Halisi: Statasi? Dada, muda wa kuona wagonjwa ukiisha mlinzi anatutoa wote. Tukiomba abaki mmoja, tunaambiwa utaratibu hauruhusu. Mnatufukuza, halafu mnatusema hatupo!

BintiRungwe: Hilo la statasi hata mimi limeniuma. Mimi nilimuuguza baba mwenyewe. Nilijaza maji kwenye glovu nikamwekea chini ya visigino, na nesi ndiye aliyenifundisha.

Mazoezi_Tiba: Hiyo ya glovu acheni jamani. Ni ndogo mno, uzito wote unabaki pale pale kwenye kisigino. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, kisigino kielee kisiguse godoro. Na lile pete la mpira la kukalia linabana damu pembeni. Ngozi ikishakuwa nyekundu usiisugue kwa spiriti, unaiumiza zaidi.

BintiRungwe: Kwa hiyo nilimuumiza baba?

Mazoezi_Tiba: Sijasema hivyo dada yangu. Nasema aliyekufundisha alipaswa kujua.

Nesi_wa_Zamu: Haya, sasa ni manesi tena. Niambie wewe, wodi yenu ina magodoro ya hewa mangapi? Mito je? Glovu tunatumia kwa sababu ndiyo iliyopo.

Hesabu_Safi: Turudi kwenye hela. Takwimu za Medicare za 2007: mgonjwa mwenye kidonda cha daraja la 3 au la 4, gharama ya kulazwa mara moja ilikuwa wastani wa zaidi ya dola 43,000. Ndiyo maana wakabana. Lakini walibana pamoja na sharti: hospitali iandike kama mgonjwa alikuja na kidonda au la. Sisi tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023, hapo ndipo pa kuliingiza. Ngozi ikaguliwe siku ya kulazwa, ndugu akiwepo, iandikwe kwenye faili. Bila hivyo kila kidonda kitaandikwa "alikuja nacho".

Mzalendo_Kigoma: Marekani, Marekani. Christopher Reeve, aliyeigiza Superman, alikufa 2004 akiwa anatibiwa kidonda hicho hicho kilichoingia vijidudu. Na alikuwa na hela zake. Hela siyo dawa.

Temeke_Halisi: Mkuu, yeye alikaa na kupooza miaka tisa akiwa na wauguzi wake. Wetu wanaozea wodini ndani ya wiki chache. Usilinganishe.

Mzalendo_Kigoma: Usinitolee ukali, mimi sikumlaza mama yako.

Temeke_Halisi: Basi nasema hivi: mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ndugu mmoja aruhusiwe kulala naye, afundishwe kumgeuza siku ya kwanza. Hilo halihitaji bajeti.

BintiRungwe: Naunga mkono. Mimi ningebaki kila usiku.

Nesi_wa_Zamu: Mimi naliogopa hilo. Mkianza kulala, mwaka kesho kugeuza mgonjwa itakuwa kazi ya ndugu rasmi, na zile nafasi za ajira tunazozililia hazitatangazwa. Asiye na ndugu nani atamgeuza? Bado tutakuwa wawili wale wale.