Naomba ushauri: lifti ya gari kwenye gereji yenye dari ya chini

Wakuu, habari za majukumu. Gereji yangu ya nyumbani ina dari ya mita 2.5 tu, na gari lina kimo cha mita 1.5. Yaani hata lifti yenyewe ikienea, gari litapanda mita moja tu kabla paa halijagonga dari, na bado kuna reli za mlango zinazoning'inia hapo juu.

Nafikiria ile lifti ya mkasi, inayoinuka kwa vyuma vinavyokunjuka kama mkasi. Kinachonitatiza, chuma chake hukaa katikati ya gari, palepale ninapotaka kushushia gia boksi. Zile fremu mbili za haidroliki za kuhamishika, zinazowekwa moja kila upande chini ya gari, zinaacha katikati wazi, ila kwa kuwa haziinui gari juu sana nitafanya kazi nimelala chali. Mgongo wenyewe ndio huu!

Aliyewahi kutumia mojawapo anijuze tafadhali, hasa kuhusu kufuli za usalama zinazozuia lifti isishuke ghafla.