Kalman, chembe au mtandao wa Bayes: kipi kinafaa kusoma barabara zetu?

MdauMianzini: Wakuu, habari za jioni. Nina kamera inayotazama kipilefti cha Mnara wa Saa, Arusha. Kutambua magari na bodaboda siyo tatizo. Tatizo ni kujua mtu anaelekea wapi akishafichwa na lori. Nichukue kichujio (hesabu ya kukisia chombo kiko wapi) cha Kalman, cha chembe, au mtandao wa Bayes? Kompyuta yangu ni ndogo.

ChembeTu: Chembe, mkuu. Kalman ya 1960 hubeba dhana moja tu na shaka inayoizunguka. Bodaboda akiingia kipilefti anaweza kutoka njia ya kwanza au akaendelea kuzunguka. Wastani wa njia hizo mbili unamweka pale mnara uliposimama, mahali asipopita mtu! Chembe, yaani makisio mengi ya mahali alipo, zinagawanyika, kundi huku na kundi kule, halafu fremu (picha ya video) inayofuata inaua kundi lililokosea.

FundiMoshi: Kweli, ila chembe mia kadhaa kwa kila chombo, kila fremu, zitailemea kompyuta yake. Kuna njia ya kati: endesha Kalman kadhaa sambamba, moja ya anayenyoosha, moja ya anayekata kona, moja ya anayesimama. Kila fremu inagawa upya uwezekano kati yao. Kwa magari ya Double Road hapa Moshi, hata Kalman moja inatosha.

BintiTakwimu: Kaka zangu, nyote mnajibu "yuko wapi". Mtandao wa Bayes, mchoro unaounganisha dalili na uwezekano wa mambo, kazi iliyochangia Judea Pearl kupewa tuzo ya Turing (tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta) ya 2011, unajibu "anataka nini". Kifodi (daladala) kimepunguza mwendo, konda yuko mlangoni, mtu amesimama ukingoni: kila ushahidi unapandisha uwezekano kwamba kinasimama, hata kama taa ya breki haionekani.

Na angalieni data mnayofundishia. KITTI ya 2012, mkusanyiko wa video za barabarani unaotumiwa sana, ilirekodiwa Karlsruhe, Ujerumani, wanakoendesha kulia. Ina kundi la tramu, haina la pikipiki. Ukichukua uwezekano wa awali (unaoanza nao kabla ya kuona ushahidi) wa huko, bodaboda wetu ataonekana ajabu kila siku wakati anaendesha kama kawaida.

MdauMianzini: Asante dada, hilo sikuliwaza. Jedwali la uwezekano la mtandao huo, yaani kila dalili inaambatana na tendo mara ngapi, nalipataje?

BintiTakwimu: Kaa na video zako uhesabu: vifodi vilivyopunguza mwendo, na kati ya hivyo vilivyosimama. Asubuhi na jioni zitenganishe. Hali usiyoiona hata mara moja usiipe sifuri, maana sifuri haifufuki kwa ushahidi wowote. Kufuatilia, tumia njia ya FundiMoshi.

ChembeTu: Kwa kompyuta hiyo, nakubali. Bodaboda tu ndio wapewe chembe.