Ushauri: Paramesiamu zinakimbia kabla wanafunzi hawajaziona

Mwl_Pongwe: Salaam wakuu. Nafundisha bailojia kidato cha pili, huku Pongwe. Hadubini tunayo moja tu, ya kioo cha kugeuzia jua, na wanafunzi ni hamsini na kitu. Juzi nilichota maji ya dimbwi karibu na mashamba ya mkonge niwaonyeshe viumbe vya seli moja vinavyotembea. Nikichungulia mimi, paramesiamu hizo! Nikimpisha mwanafunzi, hamna kitu. Waja leo waondoka leo kwelikweli. Amiba ndiyo sijaiona kabisa. Keshokutwa narudia kipindi, nifanyeje?

Mzee_wa_Maabara: Pole mwalimu. Anza na lenzi ndogo kuliko zote. Halafu chambua pamba, weka nyuzi chache kwenye tone kabla ya kulifunika. Paramesiamu itabanwa humo, haifiki mbali. Hapo ndipo penye utamu: ikigonga uzi inarudi kinyumenyume, inageuka kidogo, inajaribu tena. Waambie watazame pembezoni mwa mwili wake, silia, yaani vinyweleo vyake, zinapiga kwa kupokezana kama mpunga upepo ukipita. Ndiyo makasia yake hayo.

Binti_Chumbageni: Amiba iko chini, kwenye majani yaliyooza. Nyonya matope kidogo kwa bomba la dawa, acha slaidi itulie dakika kumi. Na usitegemee mbio! Ute wa ndani unamiminika mbele na kutokeza mguu wa bandia, ukifika pembeni unakuwa mzito, huku wa nyuma unalainika na kufuata. Ukiikosa, na maji yako ni ya kijani, funga chupa kwa karatasi nyeusi uache tundu moja upande wa dirisha. Yuglena, vile viumbe vya kijani vya seli moja, zitajikusanya penye mwanga, na darasa zima litaona bila hadubini.

Kaka_Sahare: Si uwaonyeshe vimelea vya malaria? Navyo vina miguu kama ya amiba.

Mzee_wa_Maabara: Sivyo kaka. Vile vinavyoingia na mate ya mbu vinateleza tu, havina silia wala mkia. Mwenye mkia ni yule wa malale, anayeletwa na mbung'o.

Binti_Chumbageni: Mwalimu, watoto wasiingie dimbwini miguu mitupu. Kichocho hicho.

Mwl_Pongwe: Nimejaribu usiku huu kwa tochi ya simu. Mara ya kwanza nimeona pamba tupu, nilijaza mno. Ya pili imenasa moja, inagonga inarudi, inagonga inarudi, mpaka mke wangu kaja kuchungulia. Amiba bado naisaka.